Nimeambiwa niombe nafasi kubwa chuoni, lakini kompyuta siijui

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 47, na ni mhazili katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Nimesoma safu hii kwa muda mrefu bila kuandika chochote, lakini sasa nimefika mahali ambapo usiku silali, na mtu wa kumweleza jambo hili pale ofisini sina.

Nilisomea uhazili Tabora mwishoni mwa miaka ya 1990. Tulijifunza kwa taipureta, tukifunikiwa mikono kwa kitambaa ili vidole vizoee kupiga chapa bila kutazama, na nilifaulu hatimkato, yaani mwandiko wa alama fupi wa kunukuu maneno yanaposemwa, ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa maneno 80 kwa dakika. Nilipoajiriwa chuoni, kompyuta ilikuwa moja tu katika idara nzima. Baadaye nami nikapewa yangu, na kwa kuwa herufi za kibodi zimepangwa kama zile za taipureta, kila mtu aliamini kwamba kompyuta naijua, nami nikawaacha waamini hivyo. Kuchapa barua na mihtasari ya vikao kwa Word naweza, tena kwa kasi kuliko vijana wengi. Zaidi ya hapo najua kidogo sana.

Miaka minne iliyopita alikuja kijana wa mafunzo kwa vitendo, na baadaye chuo kikampa mkataba wa muda. Siku zake za mwanzo alinikuta nikijumlisha alama za wanafunzi kwa kalkuleta ya mezani, kisha nikiandika jumla kwa mkono ndani ya kila kisanduku cha Excel. Hakunicheka. Alisema, "Mama, niachie hiyo, nitakumalizia." Tangu hapo yeye ndiye anayetengeneza majedwali yote, anayeandaa barua za wanafunzi 200 kwa muda mfupi kuliko ninaotumia mimi kwa barua tano, na anayeingiza alama kwenye mfumo wa taarifa za kitaaluma. Anaingia kwa jina langu na kwa nywila yangu. Mimi humnunulia chakula cha mchana, na mwisho wa mwezi ukiwa mgumu humpa na nauli.

Mwaka jana, kijana akiwa msibani kwao, mhadhiri mmoja aliniletea orodha ya wanafunzi 312 akitaka majina yapangwe kwa alfabeti. Nilichagua safu ya majina, nikabonyeza, kikatokea kidirisha chenye maneno ya Kiingereza, nami kama kawaida yangu nikabonyeza tena ili kiondoke. Majina yakajipanga vizuri, lakini alama zilibaki palepale zilipokuwa, na mimi sikujua. Mhadhiri alishtuka alipoona kwamba mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani kabisa amepata 58. Nikamwambia kwamba kompyuta ina virusi. Kijana aliporudi alizipanga zote upya kutoka kwenye karatasi za alama, na matokeo yalifika kwenye kikao yakiwa sahihi, lakini uongo ule umenikaa kooni hadi leo.

Sasa limetoka tangazo la ndani la nafasi ya kusimamia kumbukumbu za mitihani za ndaki yetu. Wanataka mtu mwenye uzoefu usiopungua miaka mitatu, anayetunza siri, mwenye "uwezo wa kutumia kompyuta, hasa Word, Excel, PowerPoint, baruapepe na mfumo wa taarifa za kitaaluma". Watakaoteuliwa watafanya usaili wa vitendo kabla ya mahojiano. Maombi yanafungwa baada ya wiki tatu, na usaili unatarajiwa wiki tatu nyingine mbele. Mkuu wangu wa kazi aliniita akaniambia, "Mama, hii nafasi ni yako, usiniangushe." Nyongeza ya mshahara ingenisaidia sana, kwa sababu binti yangu wa mwisho anaingia kidato cha tano.

Yule kijana naye anaomba. Mkataba wake unakaribia kwisha. Wiki iliyopita aliniuliza kama nami nitaomba, nilipomjibu kwamba sijui, akasema, "Mama, nisipokuwepo utafanyaje?" Tangu siku hiyo najiuliza kama ananionea huruma au ananitisha. Rafiki yangu mmoja anasema yupo mtu anayeweza kunitengenezea cheti cha kompyuta kwa siku mbili. Sijamjibu.

Je, niombe na kujaribu bahati yangu? Nimweleze mkuu wangu ukweli? Au ninyamaze nisubiri kustaafu?

Mhazili Asiyelala

JIBU

Dada yangu,

Ahsante kwa kuniamini. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimerudi kwenye ile picha ya mikono iliyofunikwa kitambaa, kwa sababu nimefanya kazi na wahazili waliofunzwa namna hiyo na najua kuna jasho gani ndani ya maneno 80 kwa dakika.

Kama nimekuelewa, unaandika kuhusu nafasi ya kazi, lakini nafasi hiyo imeamsha mambo ambayo yalikuwa yamelala. Upo ujuzi ambao huna. Upo uongo mdogo uliousema kwa hofu. Ipo nywila yako ambayo kwa miaka minne imetumiwa na mtu mwingine. Na yupo kijana ambaye hujui tena umweke upande gani. Katika usiku wako usio na usingizi mambo haya yamesukana yakawa kamba moja, na kamba hiyo umeipa jina la "kompyuta siijui". Naomba tuifumue taratibu, maana kila uzi una uzito wake.

Nianze na ujuzi wenyewe. Unasema kompyuta huijui, kana kwamba kompyuta ni mlango mmoja ambao mtu ama amepita ama amebaki nje. Sidhani kama ndivyo ilivyo. Katika matangazo ya kazi za uhazili katika utumishi wa umma, hatimkato na mafunzo ya programu kama Word, Excel, PowerPoint, intaneti na baruapepe huandikwa pamoja katika sentensi moja, na msomaji mwenye hofu huiona sentensi hiyo kama ukuta. Lakini ndani yake kuna kazi ndogondogo nyingi, na baadhi yake unazifanya vizuri kila siku. Unachapa, unapanga barua, unaandika muhtasari wa kikao unaoeleweka, na bila shaka unajua jalada lipi linakaa wapi na nani haruhusiwi kulifungua. Kwa mtu wa kusimamia kumbukumbu za mitihani, hilo la mwisho linahitaji miaka, na halifundishwi kwa wiki sita. Excel ya kiwango cha ofisi inaweza kufundishwa kwa wiki sita.

Tutazame kile kidirisha kilichokuponza. Unapochagua safu moja tu ya jedwali na kuamuru ipangwe, Excel huona kwamba pembeni kuna safu nyingine zenye taarifa, na husita. Huuliza kama ipanue eneo ulilochagua ili kila mstari uhame pamoja na alama zake, au iendelee na hiyo safu moja peke yake. Jibu la kupanua ndilo huwa limeshawekwa alama tangu mwanzo, na ukiliacha hivyo jedwali husalimika. Inaelekea siku ile, katika kuhangaika kukiondoa, ulihamia kwenye jibu la pili. Kwa maneno mengine, mashine ilikuonya, na onyo lilikuwa kwa Kiingereza cha kiufundi ambacho hakuna aliyewahi kukaa akakueleza. Hata baada ya kukosea, kubonyeza Ctrl na Z kwa pamoja papo hapo kungerudisha alama mahali pake, na kuhifadhi nakala ya faili kabla ya kuanza kupanga kungekulinda hata kama ungegundua kosa kesho yake. Kujumlisha nako ni kanuni fupi inayoandikwa katika kisanduku cha kwanza na kuvutwa chini hadi mwanafunzi wa 312. Na ukiandika namba za simu ukaona sifuri ya mwanzo imetoweka, 0754 ikabaki 754, ujue kwamba Excel imeidhani ni hesabu. Ukiiambia safu hiyo ichukuliwe kama maandishi kabla ya kuandika, sifuri hubaki.

Nimekaa kwenye mambo haya kwa makusudi, kwa sababu nilitaka uone ukubwa halisi wa kile unachokiogopa. Na kuhusu lugha, usijione wa ajabu. Mwaka 2004 kundi la wataalamu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lilitoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, zikiitwa Jambo OpenOffice, kwa sababu waliliona tatizo hilohilo: mtu mwenye akili na uzoefu kukwazwa na maneno ya vidirisha. Inanisikitisha kwamba hazikuenea maofisini. Kompyuta utakayokalia siku ya usaili huenda ikawa ya Kiingereza, kwa hiyo daftari dogo la maneno 40 au 50 yanayojirudia kwenye vidirisha, kila moja na maana yake kwa mwandiko wako, litakufaa kuliko unavyodhani.

Sasa kuomba. Una wiki sita hadi usaili, ukihesabu zile tatu za maombi. Usaili wa vitendo wa kazi za ofisi mara nyingi hupima uwezo wa kuchapa na kupanga barua, kutengeneza jedwali lenye jumla na wastani, kulipanga, na kutuma faili kwa baruapepe ikiwa na jina linaloeleweka. Kwa kasi ya vidole vyako, ukifanya mazoezi ya kila jioni, si ndoto. Kituo cha Kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vya VETA hutoa kozi fupi, na kama huna kompyuta nyumbani, ofisi ikishatulia saa kumi na moja jioni inaweza kuwa darasa lako. Nakuomba tu ufanye mazoezi kwa majina ya kubuni. Alama za wanafunzi halisi zisiingie kwenye flashi na kupelekwa nyumbani, kwani tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hatari ya njia hii ina sura mbili. Unaweza kushindwa mbele ya watu wanaokuita mama, na hilo litauma. Lakini mimi nahofia zaidi sura ya pili, ya kufaulu usaili kwa mazoezi ya haraka, ukaingia kwenye kiti ambacho kila siku kinakudai zaidi ya ulichojifunza, huku ukianza tena kumtafuta mtu wa kukumalizia. Jiulize kwa utulivu kama unaitaka kazi hiyo yenyewe, ya kukesha na majedwali msimu wa mitihani, au unautaka mshahara wake na heshima ya kutomwangusha mkuu wako. Kutaka pesa za shule ya mtoto si kosa hata kidogo. Ni vizuri tu ujue unaomba kwa sababu ipi.

La cheti cha siku mbili nitalipita upesi. Unakumbuka uhakiki wa mwaka 2017, ambapo watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi na wakaondolewa kazini, wengine wakiwa na miaka mingi ya utumishi mwema. Wewe unayo kazi halali na cheti halali cha uhazili. Usiviweke rehani.

Njia ya kumweleza mkuu wako ni nzito zaidi, na sitakuambia kwamba ni rahisi. Maneno yake, "usiniangushe", umeyasikia kama deni. Lakini inawezekana pia kwamba amekuona ukifanya kazi kwa miaka mingi, na anachokitaka ni uaminifu wako na utulivu wako, akijua kwamba mengine hufundishwa. Hatujui. Ukimwendea, nadhani itakusaidia kutenganisha mambo mawili. Kupungukiwa na ujuzi si kosa la kinidhamu, mtumishi anaweza kusema, "Natamani kuomba, lakini Excel yangu ni ya kiwango cha mwanzo, je, ofisi inaweza kunipeleka mafunzo?" Kumpa mtu nywila ni jambo jingine, kwa sababu linagusa taratibu za usalama wa mifumo, na linaweza kukuletea barua ya kujieleza, wewe na kijana pia. Kabla ya kulifikisha mezani, kama u mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mweleze kiongozi wa tawi kwa siri akuongoze. Na ule uongo wa virusi, anayestahili kuambiwa ukweli ni yule mhadhiri. Unaweza kumweleza kwa sentensi mbili, siku yoyote utakayojisikia tayari, na sidhani kama utapoteza kingi kwake, maana alama zilisahihishwa kutoka kwenye karatasi na hakuna mwanafunzi aliyeumia.

Kunyamaza nako ni njia, na watu wengi huichagua bila kujitambua. Kwa umri wako umebakiza miaka 8 kufikia kustaafu kwa hiari na 13 kufikia kustaafu kwa lazima. Ningekuwa na shaka na ukimya wa miaka 13, kwa sababu kompyuta haitakungoja mlangoni mwa cheo kipya tu. Likizo unaiomba kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa kujihudumia watumishi, majukumu yako na utekelezaji wake unayajaza kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji kazi, badala ya zile fomu za karatasi za OPRAS tulizozoea, na mwanafunzi anayetaka kulipia chochote anakuja kukuuliza kuhusu kumbukumbu namba ya malipo. Kijana akiondoka mwezi ujao, haya yote yatabaki mezani kwako, uombe nafasi au usiombe.

Nimemwacha kijana hadi mwisho kwa sababu hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Umeyageuza maneno yake, "nisipokuwepo utafanyaje", mara mia, ukitafuta kama ndani yake kuna huruma au kitisho. Naomba uyasikilize mara moja kwa masikio yake yeye. Kwa miaka minne ameingiza alama kwenye mfumo, na kila alichoingiza kimeandikwa kwamba kimefanywa na wewe. Kesho akiingia kwenye chumba cha usaili na kuulizwa kama amewahi kuutumia mfumo huo, atajibu nini? Akisema ndiyo, anajiumbua na kukuumbua. Akisema hapana, anaukana ujuzi wake mwenyewe. Labda swali lake lilikuwa hofu ya mtu ambaye mkataba unakwisha na kazi yake haina jina lake. Labda alikuwa anaomba, bila kuthubutu kutamka, kwamba mama amsemee. Siwezi kujua yaliyo moyoni mwake, na inawezekana ulichokihisi wewe ni kweli. Lakini alipokukuta na kalkuleta hakukucheka, na mtu wa namna hiyo anastahili kuulizwa uso kwa uso.

Ukikaa naye, ningependa kama chakula cha siku hiyo kingekuwa cha mazungumzo, si cha malipo. Unaweza kumwambia kwamba unabadilisha nywila yako, na hili, dada yangu, naona lisisubiri uamuzi wowote kati ya hayo mengine, kwa kuwa linawalinda nyote wawili. Unaweza kumwomba kwamba kwa wiki alizobakiza asikumalizie kazi, akae pembeni mikono mapajani huku wewe ukishika kipanya. Kama wote wawili mtaomba nafasi ileile, semeni hivyo wazi. Si lazima mmoja awe mwizi wa riziki ya mwenzake. Ofisi ya mitihani inahitaji anayeijua mifumo, na inahitaji pia anayejua kufunga mdomo na kabati.

Ukiamua kuijaza fomu, utakutana na kipengele cha ujuzi wa kompyuta, na mwisho wa fomu huenda pakawa na tamko la ukweli la kutia sahihi. Nimejaribu kukuandikia mistari ambayo ungeweza kuitia sahihi mkono usitetemeke: "Ninachapa kwa kasi na kwa usahihi kwa Word katika Kiswahili na Kiingereza. Ninatumia Excel kwa kiwango cha mwanzo na kwa sasa ninajifunza. Nina uzoefu wa miaka mingi wa kutunza kumbukumbu za siri." Ibadilishe kadiri utakavyokuwa umefika siku hiyo. Niandikie tena ukishaamua, hata kama utaamua kutoomba, unieleze pia kijana alijibu nini.

Mshauri wako